Msiuvute Mkono wa Umulisa

Ulimwona, ukatazama pembeni. Ndiyo, wewe unayesoma. Ulimwona msichana akishika kalamu huku amekunja uso kwa maumivu, ukasema anadeka. Umesahau? Yeye hajasahau.

Kila siku baada ya shule, Umulisa wa miaka kumi na miwili alikwenda soko la Kimironko kumsaidia mama yake, Mukabalisa, fundi cherehani. Alipiga magauni pasi ya mkaa. Viungo vyake vilipinda kupita kiasi tangu utotoni. Kiganja chake kilirudi nyuma kama jani la mgomba. Darasani, mwanafunzi mwenzake Kenny aliwaita wengine: "Njooni muone, huyu hana mifupa." Umulisa akakipinda kiganja, wakacheka. Jioni kifundo cha mkono kikawaka moto.

Alipolalamika mara ya kwanza, mama alimpeleka kwa Mzee Munyakazi, muunga mifupa ambaye mtaa mzima humkimbilia. "Mkono iko imeteguka," mzee akasema, akauvuta hadi ukalia. Tangu siku hiyo kifundo kilichezacheza kama jino bovu. Umulisa akanyamaza. Aliogopa maumivu, lakini kuvutwa tena aliogopa zaidi.

Alhamisi moja aliinua pasi, kifundo kikateleza, pasi ikaanguka. Makaa yakabiringika chini ya meza, alipolala mdogo wake Shami juu ya vipande vya vitambaa. Mama alimnyakua mtoto kitambaa kikianza kufuka moshi. Shami hakuungua, ila mama alimgeukia Umulisa.

"Unashika pasi huku umesinzia?"

"Mkono umeniachia, Mama."

"Basi twende kwa mzee sasa hivi."

Umulisa akakumbatia mguu wa cherehani. "Mama, aliponivuta ndipo ulipoanza kuchomoka. Akinivuta tena sitaandika maisha yangu yote."

"Mbona hukusema?"

"Ungenirudisha kwake."

Mama akakishika kile kifundo. Mfupa ukasogea chini ya kidole chake. Hofu ya mtoto ikamhamia yeye. Hakwenda kwa mzee. Alikwenda kituo cha afya, kwa Harriet, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mama Umulisa," Harriet akasema baada ya kusikia habari za mzee na kuupima mkono, "mzee huvuta kilichokaza. Huyu kano zake, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa, zimelegea. Ukizivuta, unazilegeza zaidi."

Alimfunga mkanda wa kushikilia kifundo. Akamfundisha kubeba vitu kwa mikono miwili, kifundo kikiwa kimenyooka, na kukaza misuli kwa kuminya kitambaa kilichoviringishwa, polepole, akipumzika kifundo kikianza kuuma.

"Na wanaotaka nipinde wacheke?" Umulisa akauliza.

"Waambie mkono huu una kazi."

Mama akachukua kazi ya pasi. Viungo havikuacha kulegea, lakini baada ya wiki kadhaa Umulisa aliandika insha nzima bila kuangusha kalamu.

"Usimlaumu mzee peke yake," Harriet alimwambia mama walipomrudia. "Mtoto akisema panauma, mwamini kwanza. Akinyamaza, muulize."

Kwa hiyo funga kitabu hiki sasa. Karibu nawe yupo mtoto anayeficha mkono wake. Mpokee ndoo aliyobeba. Mpeleke kwa mwalimu au kwa muuguzi, leo, kabla mtu mwingine hajauvuta.