Mistari Mitatu kwenye Boneti

Saa mbili asubuhi, maegesho ya chini ya jengo lile la ghorofa kumi na moja hayakuwa mahali pa mtu kusimama akashangaa. Magari yaliingia moja nyuma ya jingine, honi zikilia, walinzi wakipiga miluzi, wenye ofisi zao wakishuka na simu zimebanwa kati ya sikio na bega. Katika hekaheka hiyo, kijana mwenye begi kubwa mgongoni alirudi nyuma kukwepa gari, akauegemeza mgongo wake wote kwenye mlango wa gari jeupe uliokuwa umetoka kufutwa dakika ile ile.

"Wewe kaka! Umekosa ukuta wa kuegemea?"

Aligeuka. Aliyemfokea alikuwa mwanamke mrefu, aproni ya bluu imemkaa vizuri kiunoni, kilemba chekundu kichwani, na vitambaa vinne vya rangi tofauti vikining'inia kwenye mkanda. Ndiye aliyekuwa mkuu wa waoshaji magari wa jengo zima. Wenzake walimwita Fundi, nao walimwogopa kidogo.

"Samahani, dada. Ngoja nikufutie."

"Kwa shati hilo? Utanichubulia rangi."

"Shati la nini, nina dawa." Akafungua begi, akatoa chupa ya kupulizia yenye maji ya njano, karatasi ya jina imebandikwa upande.

Fundi akaelewa. Mpira wa maji ulikuwa umepigwa marufuku tangu maji yalipovuja hadi chumba cha umeme, na msimamizi wa jengo alikuwa ameagiza zilinganishwe dawa tatu za kuoshea magari bila maji. Wiki tatu za kupima, kisha moja ingechaguliwa itumike mwaka mzima. Kampuni mbili kubwa zilituma maboksi, moja dawa ya kijani, nyingine ya bluu. Wa tatu alijileta mwenyewe.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Muuzaji, mtengenezaji na mbandika karatasi. Mimi na kaka yangu tunakoroga uani kwa mama. Mwaka wa nne huu."

"Ndani mmeweka nini?"

"Siri ya familia. Ukiolewa kwetu utaambiwa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Hapa dawa zote zitapimwa sawasawa."

"Ndicho nilichokuja kutafuta," akajibu, na safari hii hakutania. Fundi alimwona macho yake, akaona jinsi jambo lile lilivyomkaa moyoni. Jengo lile lingekuwa mteja wao wa kwanza.

Kuanzia siku hiyo alimwita Chupa. Naye Chupa akamwita Mwalimu, maana alimfundisha kufuta kama mtu anayefundisha kusoma. Gari la kupimia lilikuwa la msimamizi mwenyewe, jeusi tii, rangi isiyosamehe. Fundi aliligawa boneti kwa utepe wa karatasi katika mistari mitatu, kila dawa na mstari wake, kila mstari na kitambaa chake.

"Unapulizia, unahesabu hadi thelathini ili vumbi lilainike. Unafuta kwa kwenda mbele tu, hurudi nyuma. Kitambaa ukikikunja mara mbili unapata nyuso nane, na kila uso unafuta mara moja."

"Na kikianguka chini?"

"Kikianguka kimekufa. Hakigusi gari mpaka kifuliwe. Chembe moja ya mchanga inatosha kukutia aibu ya mwaka."

"Mwalimu, wewe ni mkali."

"Gari jeusi ndilo kali. Mimi ni mpole."

Mchana, kila mmoja akiwa kazini kwake, simu ya Fundi iliita saa saba kamili.

"Mwalimu, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mstari wako umeamka vizuri. Ile ya kijani inatoa povu zuri lakini inamaliza vitambaa, halafu inaacha madoa meupe pembeni. Ya bluu ina nta. Asubuhi unaweza kujitazama ukachana nywele, ikifika jioni vumbi limejaa kana kwamba limealikwa."

"Na yangu?"

"Yako haina mbwembwe. Ila jana ndege alimwaga uchafu wake juu yake, ukakauka, na nimepulizia mara mbili tu ukatoka."

"Huyo ndege nitamtafuta nimshukuru. Umekula?"

"Bado."

"Basi nami sili mpaka ule."

"Utakufa njaa, Chupa, mimi nina magari kumi na mawili."

Yote hayo Fundi aliyaandika kwenye daftari bila upendeleo. Upendeleo ulikuwa moyoni tu, na huko haukumwomba ruhusa. Jumapili ya pili walikutana bustanini. Chupa alivaa shati la rangi ya maziwa, mikunjo ya pasi imesimama mikononi, akampita Fundi mara mbili bila kumtambua kwa sababu hakuwahi kumwona bila aproni. Fundi alikuwa na gauni la kijani, shingo wazi, na hereni ndogo.

"Kumbe chini ya jengo wamenifichia kitu," alisema alipopata sauti.

Fundi akacheka, akajua ameshapenda. Jamani, kuna watu wanapenda kwa kishindo. Huyu alipenda kwa kucheka.

Alhamisi ya wiki ya tatu alikuwa akimalizia kuufuta mstari wa njano, simu sikioni, kitambaa mkononi.

"Mwalimu, nimekuota. Umevaa gauni la harusi, halafu umefunga aproni juu yake, unamfokea bwana harusi kwa kuegemea gari."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kitambaa kilimponyoka. Aliinama akakiokota, huku bado anacheka, akamalizia kipande kilichobaki.

Ijumaa gari lilitolewa juani. Msimamizi, mtu mfupi mwenye tai iliyomzidi urefu, alizunguka boneti mikono nyuma. Mstari wa kijani ulikuwa na madoa, wa bluu na vumbi. Kwenye wa njano alisimama. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, imepangana.

"Fundi, hii imeletwa na nini?"

Miaka sita mikono yake haikuwahi kukwaruza gari la mtu. Hata haikumjia kichwani kuishuku.

"Ni dawa, bosi. Nafikiri haitelezi vya kutosha, vumbi linaburutwa."

Chupa alikuwa amesimama kando, kavaa lile shati la rangi ya maziwa kwa ajili ya ushindi. Uso ulimshuka.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nina hakika."

Ikachaguliwa ya bluu. Chupa hakubishana. Alikusanya chupa zake, akasahau moja juu ya kabati la vitambaa, akaondoka. Jioni alimpigia.

"Nisamehe kwa kuondoka vile."

"Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa kunitajia kweli? Wewe huwezi kukosea kitu kama hicho."

Jumatatu Fundi alikuwa akifua vitambaa. Kwenye kile cha njano kidole kikagota. Akakikunjua. Chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya sukari, ilikuwa imenasa kwenye nyuzi. Palepale akaikumbuka Alhamisi, ndoto ya gauni la harusi, kicheko, kuinama. Alijifuta mikono, akachukua simu ampigie, nayo ikaanza kuita mkononi mwake.

"Mwalimu, nimemwaga dawa yote," Chupa alisema. "Mapipa yote mawili, asubuhi hii. Kaka alikuwa anaomba tujaribu tena, nikamwambia amenipotezea miaka minne. Ameondoka nyumbani kwa hasira. Basi, yamekwisha. Nisemeshe chochote kizuri."

Fundi alikiangalia kitambaa. Yameshamwagika, akajiambia. Nikisema sasa nitamwongezea maumivu, na kazi yangu nitaipoteza juu yake.

"Pole, mpenzi wangu," akasema. "Pole sana."

Akakirudisha kitambaa kwenye beseni. Hiyo ndiyo pole iliyomgharimu.

Zilipita wiki sita. Chupa aliomba udereva wa malori kwenye kampuni ya mizigo. Aliendelea kupiga simu saa saba, aliendelea kumwita Mwalimu, na kila alipomwita hivyo, Fundi alijikaza, akacheka, na chakula kikamshinda. Dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye aliona.

"Mdogo wangu, mtu anapendwa wewe unakonda?"

"Kazi nyingi, dada."

"Kazi haimlizi mtu bafuni."

Jumamosi Chupa alimwita kwenye mgahawa mdogo karibu na kituo cha mabasi. Fundi alivaa gauni la kijani. Chupa aliagiza chai, hakuigusa, akaweka kijisanduku kidogo mezani.

"Nisikilize kwanza, nikikatishwa nitasahau," alisema. "Dawa ile kila mtu aliisifu. Mama, kaka, majirani, hata wasio na gari. Wewe peke yako ulinipenda na bado ukaniambia ni mbaya. Mtu kama huyo nitampata wapi tena? Nataka unioe, samahani, nataka nikuoe. Unaona? Nimeshakosea."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakawahi.

"Chupa, dawa yako haikuwa mbaya."

"Unanifariji."

"Kitambaa kilianguka. Ile Alhamisi, uliponiambia ndoto. Nilikiokota nikaendelea kufuta. Kilikuwa na mchanga."

Chupa alitabasamu nusu, kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Haukumalizika.

"Umejua lini?"

"Jumatatu ile. Nilishika simu nikupigie, ukanitangulia. Ukasema umeshamwaga."

"Jumatatu," akarudia. "Wiki sita."

"Niliogopa."

"Kitambaa kuanguka ningecheka, Mwalimu. Wallahi ningecheka, tungecheka wote. Lakini wiki sita unanitazama nikijiita mjinga. Nimekuambia jinsi nilivyogombana na kaka yangu, na wewe unanipa pole." Akaisukuma chai kando. "Pole ya nini ulikuwa unanipa?"

Chupa alilipia chai, akachukua kijisanduku. Kabla ya kuondoka aliinama akambusu kwenye paji la uso, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi ya maneno yote.

Jumatatu Fundi aligonga ofisi ya msimamizi. Alieleza kila kitu akiwa amesimama.

"Unajua siwezi kukuacha uwe mkuu baada ya hili?" msimamizi aliuliza.

"Najua, bosi. Naomba kitu kimoja tu, kipimo kirudiwe."

Gari jeusi lililetwa, boneti likiwa limeshang'arishwa upya. Fundi alichukua ile chupa iliyosahaulika, akapulizia, akahesabu, akafuta mbele ya waoshaji wenzake wote, simu yake ameiacha kabatini. Walilitoa juani. Msimamizi alilizunguka mara tatu, akapitisha kiganja, hakuona hata mkwaruzo wa unywele. Vumbi la bluu lilikuwa limeshamchosha mwezi mzima; akaagiza ya njano.

Fundi alipiga simu. Iliita sana.

"Wamekubali, Chupa. Wanaitaka yako."

"Umefanya vizuri, Fundi."

Hakuwa amewahi kumwita Fundi.

"Utaileta mwenyewe?"

"Kaka ataileta. Nilimfuata jana nikamwomba radhi, tumepatana. Mimi naondoka Alhamisi na malori, nimeshatia sahihi."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ila kila utakaloniambia, nitakuwa najiuliza umelijua tangu lini. Siyo maisha hayo, kwangu wala kwako."

Alilia ngazini, pale ambapo wenye magari hawapiti, kisha akarudi kazini. Sasa hakuwa mkuu, alipewa safu ya magari ya ukutani kama wengine.

Baada ya wiki mbili mwanaume mmoja mnene, mikono imebabuka kwa dawa, aliteremka na maboksi akimuulizia. Alikuwa na macho yale yale ya Chupa.

"Wewe ndiye Mwalimu," alisema, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Ndugu yangu kanieleza. Kasema kila mtu aliikataa dawa yetu, wewe ukashikilia ipimwe tena mpaka wakakuvua cheo. Sikujua kuna mtu anaweza kututetea hivyo."

Fundi alifungua mdomo. "Kasema hivyo? Na kingine?"

"Hakusema kingine. Alikuwa na haraka ya safari." Akainua boksi la kwanza. "Nikuwekee wapi, shemeji?"

Hakumsahihisha. Alimwonyesha kabati, akamsaidia kubeba.