Seremala Aliyekataa Kukaa

Pombe ilimwondolea seremala mke na binti, akabaki na nyumba ya vyumba viwili na nyundo. Nasema hili wazi, kwa sababu mtaani kwetu tumezoea kusema "jamaa anapenda kuchangamka kidogo", kana kwamba ni mafua. Mimi nachomelea mageti, karakana yangu imepakana na yake, na ameniruhusu nisimulie haya mradi nisimtaje.

Zamani nyumba ile ilikuwa tulivu. Jioni mke alikaa mlangoni akishona vifungo, binti akisoma kwa sauti, na seremala akipiga kiti msasa huku akimsahihisha mtoto bila yeye mwenyewe kujua jibu. Kisha chupa ikahamia kwenye sanduku la zana, chini ya randa. Akawa anapokea kazi asizomaliza, na akiulizwa anafoka. Siku moja alimrushia binti patasi. Ikamkosa, ikatoboa mlango. Mke akafunga mizigo bila kelele. Kabla ya kuondoka na binti, alimwambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, hukutana Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha zahanati.

"Siku utakayokaa nao ukasema kwa mdomo wako kwamba pombe imekushinda, nipigie. Nitarudi."

Seremala alijibu kwamba yeye si mlevi, ni mnywaji tu. Ndugu msomaji, hata fisi akiulizwa atasema anaonja.

Upweke ukamfundisha kilichowashinda watu kumfundisha. Alikuwa akitoa sahani tatu, anakumbuka, anarudisha mbili. Alisogeza kitanda kwenye ukuta wa jirani ili asikie redio yao. Wateja aliwachelewesha mlangoni akiwauliza habari za watu asiowajua.

Basi akatafuta namna ya kwenda kwenye kikundi bila kwenda. Alisikia kwamba viti vya chumba kile vimelegea miguu, akajitolea kuvitengeneza bure. Angeweza kuvimaliza asubuhi moja. Akachagua Alhamisi jioni, kiti kimoja kwa wiki. Wenzake wakikaa duara wakisimuliana, yeye yuko kwenye kona, amewapa mgongo, anapaka gundi. Lakini mtu akianza kusema, nyundo ilinyamaza. Walipomkaribisha alisema yuko kazini. Kiongozi wao, dereva wa zamani wa lori, alijiita Breki, kwa kuwa, alisema, ndicho kitu alichokikosa miaka yote. Huyo kwanza alimwacha afanye atakavyo.

Mke alipompigia simu, seremala akajisifu kwamba haachi kwenda.

"Sijauliza kwenda, mwenzangu. Umekaa?"



Viti vikaisha. Hapo akafanya jambo ambalo fundi anayejiheshimu halifanyi: akalegeza mguu wa kiti alichokwisha kukikaza, ili apate sababu ya kurudi. Alhamisi iliyofuata Breki akakitikisa.

"Fundi, hiki si ulikimaliza?"

"Mbao mbichi hizi. Zinasinyaa."

"Mbao hizi zinanizidi umri. Weka nyundo chini, ukae."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Yeye akaona wamemvua nguo. Akabeba sanduku lake akatoka, akairudia chupa kwa bidii ya mtu anayelipiza kisasi. Wenzake walikuwa wamemvutia kiti, yeye akadhani wamemfukuza. Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko hata patasi.

Mke naye alisubiri simu mpaka kusubiri kukamchosha. Akapata kazi kwenye jiko la shule, akapanga chumba huko, binti akahamia shule hiyo hiyo.

Seremala alirudi kwenye kikundi siku ya mvua. Nilimwona akipita mbele ya karakana yangu mikono mitupu nikashangaa, maana sanduku lile alikuwa akilibeba hata msibani. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kile alichokilegeza, kwani kila mtu alikikwepa. Akakivuta hadi kwenye duara, akakaa. Kikamyumbisha muda wote alipokuwa akisema.

"Mimi ni mlevi. Pombe imenishinda. Na kiti hiki nilikiharibu mimi."

"La kiti tulijua," Breki akasema. "Karibu, kaka."

Alipotoka tu, alipiga simu akiwa amejibanza chini ya paa la zahanati.

"Nimekaa," alisema.

Mke alilia kidogo. Akamshukuru Mungu. Kisha akasema hatarudi.

"Nilikungoja nilipokuwa nakuhitaji. Sasa nimezoea kuishi."

FUNZO

Ndugu zangu, ukionyeshwa mahali pa kuponea, usiende na kisingizio mkononi. Usisimame pembeni ukisikiliza maradhi ya wenzako kana kwamba wewe ni mpita njia. Kaa, useme. Aibu ya kukaa hupita, ila anayekusubiri naye ana mwisho wa subira. Na sisi majirani tuache kumwita mlevi mchangamfu.

Seremala hanywi tena. Alhamisi haikosi, na kiti kile amekikaza. Gharama yake ni hii: mke aliyekuwa tayari kurudi. Binti ambaye humwamkia kwenye simu kama anavyomwamkia mgeni, kisha humpa mama yake simu. Mlango wenye tundu la patasi, ambao fundi kama yeye angeuziba mara moja, na hajauziba. Na jioni, sahani moja.