Chokaa ya Tambuu Mnazini

Bi Mwanamize alikaa kilimani, pale Kiuyu. Chini, ukingoni mwa bonde la mpunga, alikaa mke mwenzake, Moza. Kila asubuhi Mwanamize alifagia uwanja, akakaa barazani na kijaluba, kikasha chake cha tambuu, akatazama chini. Kwa moshi tu alijua Moza anapika saa ngapi.

Mume wao, Silima, aligawa siku kwa haki. Lakini mama yake, Bi Mwanapili, ambaye miguu haikumfaa tena, alikaa kwa Moza. Hilo lilimchoma Mwanamize kuliko yote. Mkwe alikuwa wake miaka kumi kabla Moza hajaletwa.

Karibu na masika ya mwaka 1959 alikuja bwana shamba, jina lake Khatib, na daftari na kopo la chokaa. Alipita bondeni akiwauliza wazee: mafuriko ya zamani yalifika wapi? Kwa Moza alikaa sana, maana Bi Mwanapili alikumbuka mengi. Kisha akapaka mstari mweupe kwenye mnazi wa Moza, usawa wa kifua, kama alivyopaka kwa jirani zake wa bondeni.

Kilimani hakupaka kitu. Mwanamize alimngoja kutwa, uwanja kaufagia mara mbili.

Khatib aliwaita watu awaeleze maana ya mistari ile. Mwanamize hakwenda, kwa kuwa Moza atakuwepo. Alisikia kwa jirani tu kwamba nyumba zenye mstari zimeandikwa daftarini. Akajiambia kuwa kuna kitu kitagawiwa, naye karukwa.

Hakuuliza. Alichukua chokaa yake yote ya tambuu, akaikoroga kwa maji, akapaka mstari kwenye mnazi wake wa njiani. Akaupaka juu kidogo kuliko wa Moza. Tangu hapo hakuwa na chokaa ya kutafunia, lakini roho ilitulia.

Mvua ikaanza. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, bonde likajaa. Mwanamize akaona watu wanapanda. Mbele alikuwa Moza, kambeba Bi Mwanapili mgongoni. Walipofika penye mnazi, Moza aliutazama mstari, akageuka kushika njia ya kwa Mzee Ngwali, kwenye mwinuko wa ng'ambo ya kijito. Wenzake wakamfuata. Kijito kilikuwa kinanguruma.

Mwanamize akamwita, akamwambia waingie kwake.

"Hatuwezi, Bi Mkubwa," alisema Moza. "Kwako pana alama. Bwana shamba katwambia, penye mstari ndipo maji hufika. Tukimbilie pasipo mstari. Na wako u juu kuliko wangu."

Mwanamize akamtazama mkwe wake. Kichwa kilikuwa kimelala begani mwa Moza, midomo inatetemeka. Kusema ni aibu mbele ya mke mwenza. Kunyamaza ni kumtia mkwe mtoni.

"Mstari nimeupaka mie," alisema. "Kwa wivu. Maji hayajafika hapa tangu niolewe. Ingieni."

Moza aliingia, na watu kumi nyuma yake.

Jioni maji yalipanda mpaka shubiri moja chini ya mstari wa Khatib, kule kwa Moza, yakasita. Kijito kilichukua daraja la magogo. Hakufa mtu.

Bi Mwanapili, kavishwa kanga kavu, akaomba tambuu. Mwanamize akafungua kijaluba. Jani lipo, popoo ipo.

"Chokaa hakuna, mama."

"Iko wapi?"

"Iko mnazini," alijibu Moza.

Mkwe akacheka mpaka akakohoa. Mwanamize alijizuia, akashindwa.

Kulipokucha aliusugua mstari wake kwa makumbi ya nazi mpaka ukatoka. Khatib aliporudi, alimweleza yote mwenyewe. Khatib akaandika nyumba ya Mwanamize kuwa ndiyo ya kukimbilia, na njia ya kijito isipitwe wakati wa mvua.

Mavuno yalipokwisha, Moza alijengewa kilimani. Bondeni alibakisha shamba tu. Kila mwaka kabla ya masika Mwanamize huteremka na kopo, akaupaka upya mstari wa mnazi wa Moza, palepale ulipo, wala hauzidishi.

Moshi hautazami tena. Huletewa chakula cha Moza kwenye sahani, naye huonja, akasema chumvi imezidi.