Joho Nyuma ya Mlango

Soko la mafundi cherehani mchana halina adabu. Watu wanakanyagana, mashine zinapiga kelele, pasi zinatoa mvuke, na kila fundi anamwita mpita njia kama ndugu yake aliyepotea. Katika vurugu hiyo msichana mmoja alisimama mbele ya kibanda cha mwisho, koti jeupe mkononi. Sketi yake ya bluu ilikuwa imepauka, na raba zake zilikuwa zimechoka kuliko yeye mwenyewe.

"Fundi, nisaidie. Nalihitaji leo hii."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akalikunjua lile koti. Kifuani palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Dada, hili limepigwa risasi?"

"Tindikali."

"Na wewe je, umepona?"

Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza hivyo. Mwalimu wa maabara alikuwa ameulizia chupa, wenzake wakaulizia meza. Huyu mshona viraka ndiye wa kwanza kumuulizia yeye.

"Nimepona," alisema. "Niko mwaka wa kwanza wa sayansi. Nasoma fizikia, ila kemia wanatulazimisha."

"Basi wewe na kemia hamjapendana." Fundi alitia kiraka chenye umbo la mfuko, hata mwenye macho makali asingejua kama pale palikuwa na tundu. "Ukiungua kwingine, njoo. Hapa ni kwako, Tindikali."

Jina likaganda. Mapenzi nayo hayakuchelewa. Yalianza kwa simu za kuulizana habari, yakaota mizizi kabla hawajajua.

"Tindikali wangu, umekula?"

"Nimekula fomula."

"Fomula haishibishi, mpenzi. Pita hapa."

Alikuwa anapita. Wapenzi wengine wanatoka kwenda kula raha. Hawa wawili raha yao ilikuwa benchi lililo nyuma ya cherehani. Tindikali alifika na mkoba wake wa vitabu, akajinyoosha pale, akalala. Fundi alipoacha kushona ili asimsumbue, ndipo binti alipoamka.

"Usiisimamishe bwana. Nikiisikia ndiyo nalala."

Ikafika siku, Tindikali akiwa ameingia mwaka wa tatu, Fundi akavaa shati lake la mikono mirefu, akaenda kwao Tindikali, ghorofa ya nne, kujitambulisha. Baba mtu, dereva mstaafu wa malori mwenye mgongo mbovu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, sina ugomvi na wewe. Lakini nina binti mwingine, mkubwa wa huyu. Aliacha uuguzi akaolewa, akasema atarudi chuoni baada ya harusi. Mpaka leo. Kwa hiyo posa isiingie humu ndani mpaka huyu avae joho."

Waliposhuka ngazi, Fundi nusura aruke.

"Joho tu? Jamani! Si mimi ndiye mshona majoho? Mwaka uliobaki huu mmoja, nitautambaa hata kwa magoti!"

Hapo ndipo Tindikali alipopaswa kusema. Masomo yake hayakuwa ya miaka mitatu. Ilikuwa mitatu ya sayansi, kisha miwili ya uhandisi juu yake, na shahada zote mbili zinatolewa siku moja, mwisho wa safari. Katikati hakuna joho. Nyumbani kwao wote walilijua hilo, na baba mtu aliamini kijana naye analijua. Binti alifungua kinywa, akauona ule uso unaong'aa kwa furaha, akakifunga.

"Twende," alisema. "Nimechoka."

Alikuwa kweli amechoka. Lakini ukweli wa nusu nao ni deni, na hili lilizaa.

Mwaka ukapita. Chuo kikawapa mafundi wa soko kazi ya majoho, na Fundi akashona mpaka vidole vikafa ganzi. Katikati ya rundo lile alishona moja kwa kitambaa chake mwenyewe, bitana ya ndani bluu, rangi ya ile sketi iliyopauka. Vipimo alikuwa amevichukua kijanja, kwa kisingizio cha blauzi. Alipomuuliza binti kuhusu mahafali, alijibiwa, "Aa, makelele tu yale." Fundi akacheka moyoni. Akaona ni unyenyekevu.

Siku yenyewe alifika uwanjani na mama yake mzazi, mwenye gauni jipya la zambarau na viatu vinavyobana, na mjomba wake ndani ya koti la kuazima. Joho lilikuwa limekunjwa mapajani, liwe la kushtukiza. Wakaita wanasayansi. Wakaita wa fizikia. Wakamaliza, wakaanza watu wa kilimo.

"Amefeli?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Darasani. Nakupigia baadaye, mwalimu ananiangalia."

"Darasa gani? Leo si mahafali?"

Sauti ya binti ikawa ndogo: "Fundi... uko wapi wewe?"

"Nimekaa hapa uwanjani na mama. Na mjomba. Darasa gani, nakuuliza?"

"La kuchora mashine. Uhandisi. Bado miaka miwili. Nilitaka kukuambia, wallahi, nilitaka..."

Fundi akakata simu. Alisimama akiwa amelibana joho kwapani, akawaongoza wazee wake kutoka uwanjani huku watu wakiwapigia watoto wao vigelegele. Aibu ile, msomaji, haina dawa dukani.

Tindikali alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, akajibiwa, "Nina kazi nyingi." Kule chuoni nako mambo yalimwelemea. Wanauhandisi wenzake walikuwa wameishi na michoro tangu walipoingia, yeye ndio kwanza anajifunza kushika rula. Kwa wanasayansi alikuwa ameshaondoka, kwa wahandisi hajafika. Kila jioni alijuta kitu kimoja, na hakikuwa hesabu.

Alikwenda sokoni mchana wa jua kali, msimu wa majoho umekwisha na mafundi wanasinzia. Vidole vyake vilikuwa na wino, macho mekundu.

"Hujambo, Fundi."

"Sijambo." Hakuinua kichwa. "Koti limetoboka tena?"

"Nimetoboka mimi."

Cherehani ikasimama. Fundi akamtazama, na hasira aliyoitunza majuma yote ikapata mlango.

"Baba yako alijua. Mama yako alijua. Hata mdogo wako wa mwisho alijua! Mimi peke yangu nimekaa pale na mama yangu nasubiri jina lisiloitwa. Kaniuliza kama umefeli. Ningemjibu nini? Geuka, tazama nyuma ya mlango."

Tindikali akageuka. Joho lilikuwa limening'inia ndani ya nailoni, bitana ya bluu ikichungulia shingoni. Akaweka mkono mdomoni.

"Ulinishonea?"

"Nilikushonea."

"Niliogopa, Fundi. Ile siku ngazini, ulivyofurahi. Nikaona nikisema bado miwili, utanichoka."

"Ndiyo ukaona heri nijulie mbele ya umati?"

"Sikujua unakuja! Ungeniambia!"

"Nilitaka nikushtue."

"Basi umenishtua."

Kicheko kiliwajia wote wawili, kikaishia njiani. Tindikali akakaa kwenye benchi lake la zamani.

"Nimekuja na jibu. Chuo kinaruhusu. Nikisema kabla ya Ijumaa kwamba naishia sayansi, wananipa shahada ya fizikia peke yake. Nitafundisha sekondari. Joho nitavaa hilohilo, posa utaleta, mambo yamekwisha. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Wewe sema tu."

Tusidanganyane: Fundi alitamani. Naye alikuwa amechoka, kulala peke yake kulimchosha, maswali ya ndugu yalimchosha. Neno moja tu, na yote anayoyataka yangeingia kibandani mwezi huohuo. Alishika mkasi, akauweka chini.

"Niambie kwanza. Kwenye mashine ulifuata nini?"

Tindikali alifikiri kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mbali.

"Kwetu si unakujua, ghorofa ya nne. Pampu inakufa, tunapandisha maji kwa ndoo. Nimebeba ndoo mpaka utosi ukanyonyoka. Fizikia imenifundisha kwa nini maji hayapandi. Inaishia hapo. Mimi nilitaka niyapandishe."

Fundi akashusha pumzi.

"Unajua mama alisema nini tulipotoka uwanjani? Nilidhani atakulaani. Kavua vile viatu, kakaa ukingoni mwa barabara, akasema, 'Kumbe anasomea mashine? Basi asiache. Aje aione pampu ya jengo letu.'"

Tindikali akacheka. Cheko likageuka kilio, na Fundi akasogea akamshika mabega.

"Usiache, mpenzi. Wewe hutaki kuacha. Unataka kulala."

"Na baba je?"

"Mpigie."

Aliweka simu juu ya meza ya kukatia, sauti wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Baba, uhandisi nitamaliza. Lakini miaka miwili hii peke yangu siiwezi. Nataka kuolewa sasa. Nisome nikiwa na mtu wa kuniuliza kama nimepona."

Mzee akaguna.

"Dada yako alisema hivyohivyo. Chuoni karudi?"

Fundi akaisogelea simu.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi, fundi."

"Ahaa, uko hapo. Sasa nijibu wewe. Akiacha shule?"

"Akiacha kwa ajili yangu, njoo umchukue binti yako. Na cherehani yangu ibebe."

Mzee alikuwa amekula miaka yote kwa usukani mmoja. Alijua chombo cha kazi ni nini kwa mwenye nacho. Alikohoa, akakohoa tena.

"Cherehani nitaipeleka wapi na mgongo huu? Njooni Jumamosi. Na mama yako aje, asivae viatu vya kubana, ngazi zetu ni nyingi." Akakata.

Walitazamana kama watu waliotua mizigo na bado hawaamini mabega yao. Kisha Fundi akachukua utepe wa kupimia.

"Huko karakana mnavaa nini?"

"Ovaroli. Nimeazima ya mtu, inaniburuza."

"Simama nikupime."

"Si unavyo vipimo vyangu?"

"Vya zamani. Umekonda."

Alipima mabega, akapima kiuno, wala hakuharakisha. Alipoanza kuchora kwenye kitambaa kwa chaki, Tindikali akachungulia.

"Mbona hapo umeacha kubwa hivyo?"

"Akiba ya mshono. Mke wangu atakuwa anakula."

"Mke wako nani?"

"Kuna mmoja, anaitwa Tindikali. Anaunguza makoti ya watu."

Binti alimpiga begani kidogo tu, nguvu za zaidi ya hapo hakuwa nazo. Akajinyoosha kwenye benchi, mkoba wa vitabu chini ya kichwa. Cherehani ikaanza kulia.

"Fundi," aliita macho yamefumbwa, "na lile la nyuma ya mlango?"

Fundi alilitazama. Lingehitaji rangi ya pili shingoni, ya shahada ya uhandisi, na hiyo ilikuwa bado mbali.

"Nalo lisubiri," alisema. "Sisi tumeshasubiri vya kutosha."

Tindikali alikuwa amelala.