Koti la Kiraka

Nyumbani kwa fundi cherehani, siku huanza kwa sauti mbili. Kwanza hulia cherehani. Kisha hufuata chafya za binti yake. Chafya hizo huja kwa mfululizo, na jirani akizisikia hujua kumekucha. Ndiyo maana kila mtu humwita binti huyo Kengele.

Kengele ana miaka tisa, na ana pumu na mzio. Vumbi likimwingia, macho humwasha na pua hutiririka. Siku nyingine kifua hubana mpaka kikapiga filimbi. Ana dawa yake ya kuvuta, na anajua kuitumia. Hayo hayamzuii kuruka kamba, kucheka, na kuuliza maswali mpaka baba yake akakosa pa kujificha.

Jirani yao ni seremala. Nyuma ya karakana yake kuna ua mpana. Mbwa wake alizaa hapo, na watoto wote wakachukuliwa isipokuwa mmoja. Alikuwa mweusi, mwenye alama nyeupe ya mraba mgongoni. Kengele, mtoto wa fundi, alimwita Kiraka.

"Mchukueni," seremala aliwaambia. "Mwisho wa mwezi anakuja mteja wangu kutoka mbali. Msipomtaka ninyi, nampa yeye."

Kengele alimtazama baba. Baba alimtazama mama. Mama alitazama kifua cha Kengele.

"Baba Kengele," mama alisema, "mtoto huyu na manyoya, wapi na wapi?"

"Kama tatizo ni manyoya, hilo niachie mimi," baba alijibu.

Basi fundi wetu akachukua tepu. Akampima Kiraka shingo, tumbo na miguu yote, huku Kiraka akitafuna ncha ya tepu. Suruali ya mteja ikawekwa kando. Baba akashona koti la bluu lenye mikono minne, na vifungo toka shingoni hadi mkiani.

"Humu hautoki hata unywele mmoja," alijisifu.

Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliuliza tai itakuwa tayari lini.

Kila alasiri Kengele alikwenda uani kwa seremala. Seremala huyo hupoteza penseli kila anapogeuka, na mara nyingi huwa iko chini ya maranda. Kengele akamfundisha Kiraka kuitafuta na kuileta. Alirudi nyumbani na furaha tele, lakini pia na macho mekundu.

"Umefanya nini macho?" mama aliuliza.

"Ni maranda tu, mama."

Hayakuwa maranda tu. Kitandani alikohoa huku amefunika mdomo kwa mto, asisikike. Aliogopa kwamba akisema ukweli, Kiraka ataondoka.

Siku moja shangazi yake alikuja kuwatembelea. Shangazi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Baba hakusubiri hata akae. Alimleta Kiraka sebuleni, amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa.

"Dada, umewahi kuona ufundi kama huu?"

"Kaka, sijawahi. Na sijui nicheke au nilie."

Kiraka alimrukia Kengele mapajani, akamlamba shavu. Muda si mrefu shavu likaota mistari myekundu, likavimba. Kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Mtoeni mbwa nje. Kengele, kaa wima, vuta dawa yako," shangazi alisema kwa utulivu. Shangazi alimshika Kengele mkono na kukaa naye mpaka pumzi ikarudi vizuri.

Kisha akamgeukia baba. "Haya, fundi. Sasa mshonee na mfuko wa ulimi."

Hakuna aliyeweza kujizuia. Hata Kengele alicheka.

"Dada, mimi nilijua ni manyoya," baba alisema kwa aibu.

"Wengi wanadhani hivyo. Unywele wenyewe si tatizo. Mzio unaletwa na vitu vilivyomo kwenye mate ya mbwa, mkojo wake, na vipande vidogo vya ngozi yake visivyoonekana kwa macho. Mbwa anajilamba, mate yanakauka, kisha yanasambaa kwenye makochi na mashuka. Hata mbwa mwenye manyoya mafupi ni hivyo hivyo."

"Kwa hiyo jibu ni hapana?" mama aliuliza.

"Mpelekeni kwa daktari kwanza. Watu huchukua mbwa, mtoto anaugua, halafu mbwa anatupwa. Wote wawili wanaumia." Akamgeukia Kengele. "Na wewe, daktari hawezi kukusaidia ukimficha. Nayaona macho yako mekundu; hali hii imeanza lini?"

Kengele aliinama. Machozi yakamtoka. "Tangu siku ya kwanza nilipomkumbatia. Shangazi, nilijua nikisema hamtamchukua."

Mama alimvuta kifuani kwake. Iliuma kusikia hivyo, lakini hakumgombeza.

Kliniki, daktari alimdondoshea Kengele mkononi matone ya vitu vinavyoleta mzio, kisha akachoma ngozi kidogo kwenye kila tone.

"Inatekenya!" Kengele alisema.

Sehemu ya mbwa ilivimba. Sehemu ya vumbi la nyumbani ilivimba zaidi. Daktari alieleza kwamba kwa pumu kama ya Kengele, si salama mbwa kuishi ndani ya nyumba. Kisha akauliza, "Mtoto analala wapi?"

Baba alikohoa kikohozi cha uongo. Chini ya kitanda cha Kengele kulijaa magunia ya mabaki ya vitambaa, mengine ya tangu kabla hajazaliwa.

"Jamani," mama alisema, "kengele inalia kila asubuhi, na sisi tukaifanya jina!"

Jioni hiyo magunia yalitoka. Tangu hapo mashuka hufuliwa kwa maji ya moto kila wiki, na vumbi hufutwa kwa kitambaa kibichi. Kengele hutumia dawa kama alivyoagizwa, hata siku anapojisikia vizuri.

Kazi ngumu ilibaki, naye aliifanya mwenyewe. Alikwenda kwa seremala akasimama mlangoni.

"Mjomba, hatutamchukua Kiraka. Kifua changu hakimwezi. Mpe mteja wako. Ila mwambie anapenda kukunwa nyuma ya sikio."

Seremala akajipapasa kutafuta penseli. Hakuiona. Kiraka akachimba kwenye maranda, akaileta, akaiweka miguuni pake.

"Nani kasema nampa mtu?" seremala alifoka, macho yamemlowa. "Miaka yote natafuta penseli, leo nimempata wa kunitafutia, nimgawe? Huyu anabaki hapa!"

Daktari aliruhusu Kengele amtembelee, kwa masharti. Wacheze uani, mbali na maranda, kwa muda mfupi. Asilambwe usoni. Akimaliza anawe mikono na uso, abadilishe nguo. Kifua kikibana, aache na aseme mara moja.

Baba alikata kitambaa kile kile cha bluu, akashona koti jingine. Hili lilikuwa na mikono miwili. Kengele hulivaa akienda kucheza, na akimaliza hulivua na kulitundika kwa seremala mpaka siku ya kufua. Safari hii koti lilimpata mwenyewe.

Mara ya kwanza alipolivaa, mama alisimama kando ya ua akisikiliza. Kengele alirusha mpira, Kiraka akaukimbilia, wote wawili wakaanguka. Mama alitega sikio asikie kama kifua kinapiga filimbi. Alisikia kicheko tu.

Mzio haujaisha, na siku mbaya moja moja bado zipo. Lakini asubuhi moja cherehani ililia peke yake. Jua lilikuwa limeshapanda mlango ulipogongwa kwa nguvu. Ni seremala, shati kalivaa kinyume.

"Kuna nini humu?" alilalamika. "Kengele haikulia, nimechelewa kazini!"