Ukuta Usiokauka

Jioni ile Mama Lipu alikuwa na safari moja tu: kupita kwa mdogo wake, kuziba ufa chumbani kwa mtoto, kisha arudi kwake akaoge na kunyoosha mgongo. Wakwe wa mdogo wake walikuwa wanakuja keshokutwa, na mdogo mtu hakutaka mama mkwe aanze kuhesabu nyufa kabla hajavua viatu. Basi Mama Lipu akabeba mwiko na ndoo ya lipu aliyoichanganya mwenyewe, akaingia mtaani jua likiwa limeshagusa mapaa.

Mtaa wenyewe ulikuwa mpya. Nyumba mia na ishirini, mbili mbili zimeegemeana migongo, rangi moja, mlango mmoja, dirisha moja. Zilifanana mpaka zikawa utani. Baba mmoja alitoka kazini amechoka, akafungua nyumba ya jirani, akavua shati, akauliza chakula kiko wapi. Ufunguo wake ulikuwa umezunguka bila tabu. Watu walicheka wiki nzima. Kisha kila mmoja akajaribu ufunguo wake kwenye mlango wa mwenzake, na kicheko kikakatika.

Mama Lipu hakuwahi kucheka. Alikuwa fundi wa lipu pale tangu ukuta wa kwanza, na ujenzi ulipokwisha kampuni ilimbakiza kwa kazi moja: kuziba malalamiko. Mtu akipiga simu kwamba ukuta umepasuka, Mama Lipu anatumwa, anapaka, anaondoka. Alijua chini ya lipu yake kuna nini. Mchanga mwingi, saruji ya kuonja. Nondo nne kwenye ramani, mbili ukutani. Alijua yote hayo, na bado siku mdogo wake alipomwuliza, "Dada, tununue?" alimjibu, "Nunueni, nyumba nzuri." Msimamizi alikuwa amesimama karibu, na Mama Lipu alikuwa anaihitaji kazi.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa ya kumi na tisa.

Alipokaribia mlango, pua yake ilishika kitu. Akasimama.

Harufu ya zege bichi.

Akatazama huku na huku. Mashine ya mwisho ya zege iliondoka pale miezi minane iliyopita. Mtaa ulikuwa kimya, nguo zinakauka kwenye kamba, redio inaimba nyumba ya tatu. Akajiambia ni ndoo yake. Lakini lipu ya ndoo yake haikunuka hivyo.

Mdogo wake alifungua kabla hajabisha.

"Karibu, dada. Mmepishana naye hapo nje?"

"Na nani?"

"Mkaguzi wenu. Si ndiyo kwanza ametoka?"

Mama Lipu aliweka ndoo chini taratibu. Kampuni ile haikuwa na mkaguzi. Haikuwahi kuwa naye, na hiyo ndiyo ilikuwa siri ya mtaa mzima.

"Yukoje huyo mkaguzi?"

"Mtu mzima tu, ovaroli ya bluu. Mpole, maneno yake ya kuhesabu. Nikamwambia pole kwa mvua, maana alikuwa amelowa chapachapa, akatabasamu. Halafu ndiyo nikakumbuka, mvua ya wapi?" Mdogo mtu alicheka, akaona dada yake hacheki, akaacha. "Amepima kuta zote. Ana kamba yenye chuma chini. Anaiachia inaning'inia, anaitazama, anatikisa kichwa."

Mama Lipu alichungulia sebuleni.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kitu kimoja. 'Dada yako anafika saa ngapi?'"

Sakafuni kulikuwa na alama za viatu. Za kijivu, mbichi, zinang'aa chini ya taa. Zilitoka mlangoni, zikapita sebuleni, zikaingia chumbani kwa mtoto.

Hakukuwa na za kutoka.

Katika ujenzi ule alikuwapo mwashi mmoja waliyemwita Timazi, kwa sababu hakuachana na timazi yake, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama sawasawa. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba hata mkewe alimpima kwanza ndipo akamwoa. Alikuwa mkaidi. Ukuta ukiinama hata upana wa kidole, anaubomoa, na msimamizi anaweza kupiga kelele mpaka sauti imkauke. "Haujasimama," Timazi anasema, basi. Wiki yake ya mwisho aligombana na msimamizi kuhusu nondo. Akasema zege halimwagwi mpaka ziongezwe. Kesho yake zege likamwagwa.

Na jioni ya siku hiyo Timazi hakuonekana. Msimamizi alisema kakasirika, kaenda zake kutafuta kazi kwingine. Kila mtu akajifanya hamnazo.

Mama Lipu alisukuma mlango wa chumba. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake kidogo, kilichosogezwa mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Ule ndio ukuta unaopakana na nyumba ya pili. Katikati ya kuta mbili kulikuwa na uwazi wa kupitishia mabomba, upana wa mtu kupita kiubavu, na msimamizi aliamuru ujazwe zege na vifusi ili mambo yaishe haraka.

Ufa uliokuwa uzi juzi, leo uliingia kidole. Juu ya kitanda, mtu alikuwa amechora msalaba kwa penseli. Na pembeni ya ufa palikuwa na baka la unyevu, limepanda kutoka sakafuni mpaka kimo cha mtu.

Alilijua baka lile.

Siku ya zege, jioni kama hii, msimamizi alimleta hapa mbio. "Paka lipu huu ukuta sasa hivi." Mama Lipu akasema, "Bosi, bado unatoa maji." Akajibiwa, "Paka." Akapaka. Mashine ilikuwa inanguruma nje. Na mwiko wake ulipofika usawa wa kifua, alisikia kitu nyuma ya tofali.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alimgeukia msimamizi. Msimamizi alikuwa amesikia, macho yake yalisema hivyo. "Zege linakaa hilo," alisema. "Maliza kazi."

Na yeye akamaliza. Miezi minane alikuwa akijiambia ni zege lililokuwa linakaa.

"Dada?" Mdogo wake alinong'ona mlangoni. "Mbona umekuwa hivyo?"

Mama Lipu aliinua mkono, anyamaze.

Ngo.

Kimya...

Ngo. Ngo.

Mtoto alijigeuza usingizini. Mama Lipu akapiga moyo konde, akaweka sikio ukutani. Lipu ilikuwa baridi na laini, kama aliyoipaka dakika hiyo. Ndani yake mtu alikuwa anapumua kwa shida, kama anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa.

Kisha sauti. Karibu mno, kama mdomo uko upande wa pili wa karatasi.

"Haujasimama."

Mama Lipu alirudi nyuma akajigonga kwenye kabati. Hapo ndipo macho yake yalipoiona taa. Ilikuwa inaning'inia kwa waya wake katikati ya chumba, imetulia tuli. Waya ulikuwa wima kabisa. Lakini ukuta nyuma yake haukufuatana nao. Kwa chini ulikuwa mbali na waya, kwa juu ulikuwa umeusogelea. Ukuta mzima ulikuwa umeinamia kitanda, kama mtu anayemchungulia mtoto.

"Mtoe mtoto," alisema.

"Ndiyo kwanza kalala, nimehangaika naye tangu—"

"Mtoe!"

Hakusubiri. Alimnyanyua mtoto na blanketi lake, akamtia mdogo wake mikononi, akamsukuma mpaka nje pekupeku. Kisha akazunguka mbio mpaka mlango wa nyumba ya pili, alikoishi mwalimu mstaafu peke yake. Akagonga kwa ngumi zote mbili. Mwalimu alitoka na kijiko mkononi, mdomo umejaa chakula, akitaka kuuliza adabu hii ya wapi. Mama Lipu akamvuta kwa ukosi wa shati.

Hawakufika mbali. Hakukuwa na kishindo mwanzoni. Kulikuwa na mlio mrefu, kama mtu anayejinyoosha baada ya kukaa mahali pembamba kwa muda mrefu. Halafu ukuta ukaenda. Paa likaufuata. Vumbi likafunika taa za mtaa, na ndani ya vumbi lile mtoto akaanza kulia.

Mdogo mtu alitazama pale kilipokuwa chumba. Halafu akamtazama dada yake.

"Ulijua?"

Mama Lipu angeweza kusema hapana. Alikuwa na lipu usoni, vumbi mdomoni, majirani wanakusanyika.

"Nilijua," alisema. Na palepale, mbele ya watu wote, akasema yaliyobaki. Nondo. Mchanga. Siku ya zege. Ngo tatu.

Asubuhi polisi walikuja na watu wa sururu. Msimamizi naye alikuja na kofia yake nyeupe, akamvuta Mama Lipu kando. "Mama, unajua unachokisema?"

"Nakijua. Hata wewe unakijua tangu siku ile."

Walibomoa zege lililobaki limesimama katikati ya nyumba mbili. Lilikuwa la kukwanguka kwa kidole. Karibu na sakafu, sururu ya mmoja ikazama. Wakapanua tundu taratibu, wakamulika tochi.

Palikuwa na umbo la mtu.

Mabega, magoti yaliyokunjwa, mkono mmoja umeinuliwa usawa wa kifua. Mikunjo ya ovaroli ilikuwa imepigwa chapa ndani ya zege, hata vifungo. Lakini ndani ya umbo hapakuwa na kitu. Hakuna mfupa wala uzi wa nguo. Zege lilikuwa limezunguka pande zote, bila ufa wa kupitisha hata mjusi.

Mtaalamu aliyeletwa alisema ni mifuko ya saruji iliyooza ikaacha nafasi. Aliandika hivyo. Msimamizi alihojiwa siku mbili, akaachiwa, akahamia mahali ambapo hakuna aliyeambiwa.

Mke wa Timazi alikuja siku ya tatu. Hakulia. Aliomba apishwe, akaingiza mkono ndani ya tundu, akaweka kiganja chake kwenye alama ya kile kiganja, kidole kwa kidole. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

"Ni mkono wake," alisema. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa kama ametoka, mbona hajaja nyumbani?"

Mama Lipu aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Mdogo wake hakusema naye miezi mitatu. Alipokuja kusema, alisema kidogo, na mtoto hakumpa tena ambebe.

Mkaguzi naye hakuacha kazi. Alionekana nyumba ya sita jua likizama, amelowa, kamba mkononi. Wenye nyumba walitoka usiku huohuo na magodoro kichwani, na kabla ya wiki kwisha dari likashuka. Alionekana ya arobaini na mbili, ikawa vilevile. Hakugusa mtu. Anapima, anachora penseli, anatikisa kichwa.

Ungedhani watu wangefunga milango jioni. Wanaiacha wazi. Kila jua likishuka, mtaa mzima unakaa vibarazani, sakafu zimepigwa deki ili alama zionekane vizuri, na hakuna anayezungumza kwa sauti. Wengine wameshahama. Waliobaki ni wale ambao kila walichokuwa nacho kimo ndani ya kuta zile.

Juzi mama mmoja wa nyumba ya themanini alimfuata Mama Lipu mpaka anakoishi sasa. Alikuwa na wanawe wawili, amewashika mikono.

"Mimi kwangu hajawahi kupita," alisema kwa kunong'ona. "Ndiyo kusema nyumba yangu ni nzima, Mama Lipu? Au bado hajanifikia?"

Mama Lipu aliikumbuka nyumba ile. Aliipaka mwenyewe, chumba kwa chumba. Akafungua mdomo amjibu, akaona watoto wanamtazama, akaenda kuchukua kitenge chake.

"Twende," alisema. "Tukafungashe vyombo kabla jua halijazama."