Kikombe cha Baba na Sauti ya Baba Mkubwa

Haya kanihadithia Kokushubila mwenyewe, jirani yangu wa Tabata, msimu wa mvua uliopita, tukichambua mchele kibarazani.

Baba yake, mzee Fredrick, alikuwa karani Kurasini. Alifariki kwa kisukari. Alipenda chai yule mzee. Kila jioni alikunywa kikombe kikubwa cha bati, sukari tele, kijiko karibu kisimame. Binti yake alikaa pembeni akingoja tone la mwisho. "Koku, shika," baba alimwambia.

Mzee alipozikwa, Koku alibaki na kikombe. Kutwa alikaa dukani kwake akiuza vitenge. Jioni alikoroga chai vile vile, akafumba macho, akamwona baba yake. Chai ikiisha, na baba ameondoka. Basi anajaza tena.

Tunu, nesi wa zahanati, nyumba zao zinatazamana. Siku moja akamwambia, "Shoga, njoo upime sukari."

"Ya nini? Hii ni yetu ya ukoo. Baba kaniachia pua, kaniachia na kisukari. Kikija nitakipokea."

"Na huyu Loveness utamwachia nini?"

Loveness, binti wa Koku, alikuwa amekaa pembeni akingoja tone la mwisho. Koku akakiweka kikombe chini. Asubuhi akaenda zahanati, hajala kitu.

Tunu akampima. "Imepita kawaida, ila haijawa kisukari. Hapa bado unaweza kugeuka."

"Nigeuke niende wapi, na damu ni ile ile?"

"Ni kweli, damu ya ukoo inakuweka karibu na ugonjwa kuliko mie. Hiyo hatuibadili. Lakini mara nyingi haifanyi kazi peke yake. Kukaa kutwa, tumbo kunenepa, soda, chai ya sukari, sahani imejaa wali mtupu, hivyo ndivyo vinavyoisukuma. Hivi mzee Fredrick hakuwa na ndugu?"

"Yupo baba mkubwa Projestus, Bukoba. Baba mmoja, mama mmoja."

"Anaumwa?"

"Sijasikia. Ni mzee sana, na bado analima migomba yake." Koku hakuwa amempigia tangu msiba.

"Mpigie," Tunu akasema. "Na umuulize kama amepima. Hata anayelima anaweza kuugua."

Jioni akapiga. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nani? Koku?"

Koku akakaa chini. Ilikuwa sauti ya baba yake, na kikohozi kile kile katikati.

"Mbona unalia?"

"Silii. Ulishawahi kupima kisukari?"

"Nimepima mwaka huu, sina. Daktari kasema nisiache jembe. Baba yako nilimwambiaga, hiyo kazi ya kiti usiitegemee sana, tembea. Akanicheka, eti mimi nanuka tope."

Koku akacheka huku machozi yanamtoka. "Niongeleshe tu, baba mkubwa. Chochote."

"Mimi nimesimama shambani, wewe umekaa? Inuka. Tembea, tuongee."

Ikawa ndiyo desturi yake. Jioni anazunguka mtaa na Loveness, simu sikioni, mpaka jasho linamtoka. Nyumbani wali ukapungua, mchicha na maharage vikaongezeka. Chai akaweka tangawizi, sukari hakuna, kikombe ni kile kile. Siku za mwanzo aliinywa akilia. Haikuwa ile.

Baada ya miezi kadhaa, Tunu akampima tena. "Imerudi kawaida. Usije ukabweteka. Kila mwaka uje, maana damu haijabadilika. Na Loveness azoee mapema."

Jioni ile baba mkubwa akapiga miayo kwenye simu. "Koku, mimi nalala."

"Lala salama, baba."

Alisema baba tu, neno mkubwa akalisahau. Mzee akaitika.

Loveness alikuwa ameshalala. Koku akasuuza kikombe, akakifunika, akajinyoosha kitandani. Miguu ilikuwa imechoka vizuri. Naye akalala.